Nipe Mji: Gemu za Mtandaoni Zilivyoingia Mezani Kwetu

Bibi alikuwa na siku tatu tu Doha alipotusikia sebuleni tukipiga kelele: "Hila! Tunataka hila! Bila hila tunakufa!" Akatoka chumbani, kanga kichwani, akasimama mlangoni.

"Hila gani tena hizo mnazozitaka usiku wote huu?"

Tulicheka mpaka karak ikamwagika. Binamu yangu akajaribu kumweleza: Bibi, siyo hila ya ujanja. Kwenye gemu, hila ni yule mtu anayewaponya wenzake. Neno ni la Kiingereza, sisi tumelikata mkia tu. Bibi akamtazama, akatutazama sote, akasema, "Basi semeni mponyaji, kama watu." Tangu siku hiyo, mezani kwetu anaitwa Mponyaji.

Kama umesikiliza kipindi cha wiki hii, kisa hiki unakijua nusu. Nusu ya pili ilikuwa ndefu, tukaikata. Naileta hapa.

Tulikuwa tunacheza kila Alhamisi usiku, maana huku wikendi ni Ijumaa na Jumamosi. Mahali ni kwa binamu yangu, The Pearl, kile kisiwa cha kutengenezwa kaskazini mwa Doha. Fleti yao iko Porto Arabia. Ukichungulia dirishani unaona boti za matajiri zimepangwa kama viatu msikitini, na hakuna hata moja yetu. Juu ya meza kuna mahamri, katlesi, penseli, karatasi na dadu za kila umbo, mpaka ile ya pande 20.

Kama hujawahi kucheza, ni hivi. Mtu mmoja ni msimulizi, na kwetu ndiye mimi. Nasema, "Mmefika kwenye daraja, katikati kuna jitu limelala." Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na anasema anafanya nini. Jambo likiwa gumu, unarusha dadu. Hakuna skrini. Gemu yote iko vichwani na midomoni.

Tuko watano. Binamu yangu ni Tanki, yaani anasimama mbele na kupigwa. Mdogo wake wa kike, miaka 15, ni Mponyaji. Mpiga Mishale, kwao ni Mombasa. Mchawi, wazazi wake ni wa Goma, na Kiswahili chake kinatuacha njia panda kila wiki. Majina yao ya kweli siyatoi, nimeahidi.

Mama na mtoto

Sisi tulianza na gemu za simu na kompyuta, kwa hiyo unaweza kudhani mtandao ulikuja kwanza na meza ikauiga. Kinyume chake. Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mambo kama kupanda leveli, pointi za uhai, kuchagua kuwa mpiganaji au mchawi, gemu za kompyuta ziliyapata mezani.

Mwaka 1978, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walianza MUD: ulimwengu ambao watu wengi waliweza kuuingia kwa pamoja kupitia kompyuta. Haukuwa na picha hata moja. Unaandika unakwenda kaskazini, unasoma kilichoko huko. Halafu ikaja EverQuest mwaka 1999, na World of Warcraft mwaka 2004, na hapo mamilioni wakaingia.

Sasa, kompyuta ina shida moja. Msimulizi akiwa binadamu, anaona uso wako, anajua umechoka, anakusogezea nafasi ya kufanya kitu. Seva haioni uso. Seva ina hesabu. Kwa hiyo wabunifu wa gemu za mtandaoni walilazimika kuweka wazi kila mtu ana kazi gani. Tanki avute hasira za adui. Mponyaji azibe matundu. Wengine wapige. Watu 40 wasiojuana waliweza kukutana usiku, wakamwangusha bosi mkubwa, wakaenda kulala bila hata kusalimiana vizuri.

Mwaka 2008 mtoto akarudi nyumbani kumfundisha mama. Toleo la nne la Dungeons & Dragons liliandika kazi nne waziwazi: mlinzi, mshambuliaji, kiongozi na mdhibiti. Uwezo wa kila mhusika ukapangwa mafungu: ule unaoutumia wakati wowote, ule wa mara moja kwa pambano, na ule wa mara moja kwa siku. Ukisoma ukurasa wako ni kama unatazama vitufe chini ya skrini, kila kimoja na muda wake wa kupoa.

Wachezaji wengi wa zamani walikasirika. Walisema hii ni World of Warcraft ya karatasi. Mwaka 2009 kampuni ya Paizo ikatoa Pathfinder, iliyojengwa juu ya kanuni za toleo la tatu, na wengi wakahamia huko. Toleo la tano lilipokuja mwaka 2014, majina ya zile kazi nne yalikuwa yameondolewa.

Lakini tusiwe wepesi wa kucheka. Chukua ile kazi ya kuvuta hasira. Mtandaoni, adui anapiga hesabu: nani kanisumbua zaidi? Anamfuata huyo, hana hiari. Mezani hakuna wa kupiga hesabu hiyo, kwa hiyo toleo la nne lilimpa mpiganaji uwezo wa kumtia adui alama. Adui mwenye alama akimshambulia mtu mwingine, anapunguziwa 2 kwenye dadu, na mpiganaji anaweza kumrudishia pigo. Umeona tofauti? Mtandaoni adui analazimishwa. Mezani anaweza kukataa, ila kukataa kuna bei. Tayari hapo kuna hadithi.

Na mponyaji je? Zamani maisha yake mezani yalikuwa ya mpishi wa harusi: wote wanakula, yeye anapakua. Akiponya mtu, zamu yake imekwisha. Toleo la nne likamwezesha kuponya kwa neno moja la haraka, halafu bado ana zamu yake ya kupiga. Neno hilo la haraka limebaki mpaka kwenye toleo la tano. Watu walilitukana toleo la nne, lakini mkate wake wanaula mpaka leo.

Siku hizi wabunifu hawaoni haya tena. Lancer, ya mwaka 2019, inakupa roboti kubwa na kazi tano zilizotajwa wazi. Square Enix wenyewe wameitoa Final Fantasy XIV kama mchezo wa mezani. Mtoto na mama sasa wanakaa nyumba moja.

Kazi za chomboni

Bibi alisikiliza haya yote, akauliza swali lake. "Na mahali hapa mbona panaitwa Lulu?"

Tukamweleza kwamba zamani, kabla ya mafuta na gesi, watu wa huku walikula kwa kuzamia lulu. Kila kiangazi vyombo viliondoka kwa miezi. Biashara hiyo ilianguka miaka ya 1930, lulu zilizozalishwa na Wajapani zilipojaa sokoni na dunia nzima ikaishiwa pesa. Akataka kujua chomboni kulikuwa na nani na nani.

Kulikuwa na nahodha, na Waarabu wa huku wanalitamka neno hilo karibu sawa na sisi. Kulikuwa na mzamiaji, jiwe mguuni, kibanio puani. Kulikuwa na mvuta kamba, ambaye kazi yake ni kuishika kamba ya mzamiaji na kumpandisha anapoitikisa. Akisinzia, mwenzake amekufa. Na kulikuwa na mwimbaji. Mtu mzima, chakula chake na nafasi yake chomboni, kazi yake sauti: kuwafanya wengine wavute kwa pamoja.

Baadhi ya wazamiaji hao walikuwa watu waliotolewa pwani ya Afrika Mashariki, wakaletwa Ghuba kama watumwa. Ukitaka kujua zaidi, nenda nyumba ya makumbusho ya Bin Jelmood, pale Msheireb. Nenda na mtu mzima wa kwenu, si peke yako.

Nililala na wazo hilo la chombo. Tanki na Mponyaji tunao, ni mzamiaji na mvuta kamba. Lakini yule wa nne, mwenye kazi ya sauti, seva haikumpa kitufe. Na kwetu, sauti ndiyo ilikuwa tatizo.

Kitufe kinakuruhusu kunyamaza

Mponyaji wetu, mtandaoni ni hatari. Kwenye Final Fantasy XIV watu wasiomjua wanamshukuru. Anajua lini aponye, lini aache mtu aumie kidogo. Lakini mezani, wiki nne mfululizo, alisema neno moja: "Naponya." Anarusha dadu. Ananyamaza. Anakula katlesi.

Mwanzoni nililaumu kanuni. Tulikuwa tunatumia zile za mtindo wa mtandaoni, vitufe vingi, kila mtu na kazi yake, na nikasema ndiyo maana haongei. Nikamwondolea vitufe. Nikamwambia, "Sasa uko huru, sema unachotaka." Lo! Ilikuwa mbaya zaidi. Alikaa kama mtu aliyeitwa ubaoni. Wiki iliyofuata alisema ana homa.

Dada mtu akiwa hayupo, Tanki akaniambia kitu. "Si kwamba hana la kusema. Anaogopa Kiswahili chake. Unadhani kwa nini anapenda gemu za mtandaoni? Kule hakuna anayemcheka."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakidharau. Kitufe ni huruma. Kitufe kinasema: hata kama huna maneno, nafasi yako hapa unayo, na wenzako wanakutegemea. Mtandao ulimpa hilo. Mimi, kwa kutaka "hadithi safi", nilimnyang'anya. Lakini kitufe hicho hicho kinakuruhusu kunyamaza mpaka unasahau kwamba ulikuwa na sauti. Wengi wetu tunaosoma hapa tunajua. Simu ikilia kutoka nyumbani, unampa mama haraka, wewe unapunga mkono tu kwa mbali.

Nipe mji

Suluhisho lilitoka kwenye kochi. Bibi alikuwa akimtegea mdogo wetu vitendawili kumpitishia wakati. "Kitendawili!" "Tega!" Anatega, mtoto hajui. Na unajua kanuni: ukishindwa, hutukanwi, hupigwi. Unaambiwa, "Nipe mji." Unatoa mji, "Nakupa Mombasa." Bibi anaukataa, mdogo, anataka mwingine. "Nakupa Paris." Haya, anaupokea, anajitapa kidogo na mji wake mpya, ndipo anakupa jibu.

Nikasema, subiri. Hii ni kanuni ya gemu. Tena nzuri kuliko zangu zote.

Tukarudisha vitufe vyote, tukaongeza mambo matatu. La kwanza: unaweza kutumia kitufe kimya kimya kama zamani, ni haki yako. La pili: ukieleza kwa Kiswahili unachofanya, unashika nini, unaona nini, unaongeza 2 kwenye dadu. (Nimeiba ile 2 ya alama ya mpiganaji, nikaigeuza.) La tatu: ukikosea neno au likikupotea, meza nzima inasema, "Nipe mji!" Unatoa jina la mji, tunauandika kwenye ramani ya ulimwengu wetu, unatuambia jambo moja kuhusu mji huo. Ile 2 yako hainyang'anywi. Kucheka ruhusa. Kusahihisha kabla mji haujaandikwa, marufuku.

Wiki ya kwanza nilianza mimi kukosea, kwa makusudi, na kila mtu alijua. Kisha Tanki hakujua neno "ngao", akatupa mji unaoitwa Sinajina, ambao wageni huingia bila kuulizwa wanatoka wapi. Mchawi alisema neno la Goma ambalo si kosa hata kidogo, sisi ndio hatukulijua, kwa hiyo tukaamua mji tutoe sisi.

Halafu Tanki akaangushwa na jitu la darajani. Damu nyingi. Mponyaji akashika dadu. Nikamwona anataka kusema "naponya" na kuitupa. Akasita.

"Napiga magoti," akasema. "Nina... nina maji kwenye kibuyu. Naosha jirani yake."

Kimya cha nusu sekunde, kisha Mpiga Mishale akaanguka kwenye kiti. Anaosha jirani! Alitaka kusema jeraha. Uso wa mtoto ukabadilika, nikaona anavyorudi ndani kama kobe. Kutoka kwenye kochi, Bibi, hata hakuinua kichwa: "Kuteleza si kuanguka. Nipe mji."

"Nakupa Jirani," akasema Mponyaji polepole.

"Mdogo huo."

"Si mdogo. Ni mkubwa. Ukifika Jirani, kabla hujaingia, lazima mtu wa nyumba ya pili akuoshe miguu. Kama huna mtu wa kukuosha, hulali peke yako nje, wanakutafutia."

Bibi akaweka kanga yake vizuri. "Nimeupokea."

Dadu ilitoa 9. Na ile 2, 11. Tanki akaamka. Mji wa Jirani uko kwenye ramani, upande wa kusini wa daraja, na tumeshaulala mara nne. Zamani, kwenye Halo 2, tulikuwa na uwanja wa mtandaoni unaoitwa Zanzibar. Tulipigana risasi humo utotoni mpaka vidole vikauma, na hatukuwahi kumwuliza mtu wa humo habari za asubuhi. Huko Jirani tunawajua watu kwa majina.

Meza inahama

Mpaka Bibi anarudi Unguja, ramani ilikuwa na miji 19. Mingi ni ya Mponyaji.

Mwezi uliofuata, mkataba wa kazi wa mjomba ukaisha, haukuongezwa. Waliokulia Ghuba hawahitaji maelezo. Kibali cha ukaazi kinafuata kazi, nyumba inafuata kazi, shule inafuata nyumba. Unaweza kuzaliwa Doha, ukajua kila kibanda cha karak, na bado ukapewa wiki chache za kufunga masanduku. Mjomba alipata kazi Muscat. Tanki na Mponyaji wakaondoka pamoja, na meza ya Porto Arabia ikabaki kwa mwenye fleti.

Ingekuwa rahisi kusema: si kuna mtandao? Kweli upo. Roll20 ipo tangu 2012, unaweka ramani, inakurushia dadu, inakujumlishia kila kitu. Na hilo ndilo lililonitia hofu. Kila kitu tulichokitoa kwenye seva, tunakirudisha kwenye seva. Mponyaji anarudi nyuma ya skrini, mahali anapojua kunyamaza.

Nilikumbuka pia The Wagadu Chronicles. Twin Drums, kampuni ndogo ya Berlin, walitengeneza gemu ya mtandaoni ya njozi za Kiafrika, pamoja na kitabu cha kuuchezea ulimwengu huo mezani. Mwaka 2024 ilifunguliwa kwa wachezaji, na mwaka huohuo ikafungwa. Seva ikizimwa, huingii hata kuaga. Kitabu, aliye nacho bado anacho.

Kwa hiyo usiku wa mwisho tulikubaliana. Ramani inabaki ya karatasi, na ile halisi anaichukua Mponyaji, kwa kuwa miji mingi ni yake. Sisi wengine tukaichora upya kwa mkono, vibaya. Dadu ni za mkononi, mbele ya kamera. Programu isitujumlishie ile 2, tuipeane sisi kwa mdomo.

Mponyaji akauliza, "Na siku ambazo sitaki kuongea?"

Nikasema kitufe kipo, kama zamani.

"Na nikiandika? Nikiandika kwa Kiswahili, 2 napata?"

Nikafikiria ile MUD ya 1978, maandishi matupu. Unapata, nikamwambia. Na ukikosea herufi, mji.

Alhamisi iliyopita tulicheza mara ya kwanza hivyo. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo walikuwa wanapiga miayo. Bibi alikuwa kwenye simu kutoka Unguja, ambako saa ni ile ile ya Doha. Mponyaji aliandika tu, sentensi fupi fupi, kwa muda mrefu, na sikumsukuma. Karibu na mwisho Tanki akaangushwa tena, maana hajifunzi. Maandishi yakaanza kutokea, yakasimama, yakafutwa. Kisha kipaza sauti kikafunguka.

"Napiga magoti. Naosha jeraha lake."

Hakuna aliyesema kitu. Neno lilikuwa sahihi.

"Lakini mji nautoa hata hivyo," akasema. "Ninao tayari."

Jaribuni nyumbani. Kanuni ni tatu tu, na dadu moja inatosha. Kisha tutumieni mji mmoja mliopata kwa kukosea neno, na jambo moja kuhusu mji huo. Tutaisoma yote kipindi kijacho, na Bibi ameahidi kukataa ile midogo.